Mistari miwili: historia ya kipimo cha mkojo na dawa za maumivu



Mama mmoja alitupigia simu baada ya kipindi cha asubuhi. Familia yake ilikuwa kambini pembeni ya mji wa Goma, na kambi zilipovunjwa mwanzoni mwa mwaka 2025, wakapata chumba kimoja kwa ndugu. Kijana wake wa miaka 17 anasukuma chukudu. Kwa majuma kadhaa mama alimuona anarudi nyumbani macho yamelegea, anajikuna, hataki chakula, anasinzia akiwa ameketi. Majirani wakamwambia: hiyo ni tramadol. Mama akakopa franga, akaenda farmasi, akauziwa kijikaratasi cha kupimia mkojo. Aliyemuuzia hakumueleza kitu, na maandishi yaliyokuwa kwenye pakiti yalikuwa ya lugha asiyoisoma.

Akamlazimisha mtoto akojoe ndani ya kikombe. Akachovya, akangoja. Mistari miwili ikatokea.

Mama huyu alikuwa anajua kipimo kimoja tu, kile cha malaria cha kituo cha afya, TDR. Kwenye TDR, mistari miwili maana yake ugonjwa uko. Hata kipimo cha mimba ni hivyo hivyo. Basi akapiga kelele, wajomba wakaitwa, mtoto akapigwa mbele ya watu, akaondoka usiku. Siku ya tatu ndipo jirani mmoja, muuguzi, alipookota kile kijikaratasi kwenye takataka na kumwambia: «Mama, hapa mistari miwili maana yake hawakuona kitu.»

Kabla mama hajalia, muuguzi akaongeza neno la pili: «Lakini hiki ni cha morfini. Tramadol hakiioni kabisa.»

Kwa hiyo kijikaratasi hakikumshitaki mtoto, wala hakikumsafisha. Mama akatuuliza kwenye simu: nani alitengeneza kitu kinachosema mambo kinyume hivi? Nilimuahidi kutafuta jibu. Jibu ni historia ndefu, na inafaa kila mzazi aijue kabla hajatoa franga zake.

Kutoka kutazama hadi kupima

Kusoma mwili wa mtu kupitia mkojo ni kazi ya zamani sana. Waganga wa India ya kale waliandika kwamba mkojo wa wagonjwa fulani huvuta sisimizi kwa sababu una utamu. Leo tunaita ugonjwa huo kisukari. Huko Ulaya, kwa mamia ya miaka muganga alitambulikana kwa chupa yake ya kioo: aliinua mkojo kwenye mwanga, akatazama rangi, povu na machicha, kisha akasema ugonjwa. Mara nyingi alikuwa anabahatisha tu.

Dawa za maumivu nazo zina umri mrefu. Afyuni, utomvu wa mmea unaoitwa mpopi, ilitumika tangu zamani kutuliza maumivu na kulaza watu. Mwanzoni mwa karne ya 19, kijana mfanyakazi wa farmasi nchini Ujerumani, Friedrich Sertürner, alifaulu kutoa ndani ya afyuni ile kitu chenyewe chenye nguvu. Akakipa jina kutokana na Morpheus, mungu wa ndoto wa Wagiriki. Ndiyo morfini. Kuanzia hapo dawa ikaweza kupimwa kwa uzito, na kosa la kuzidisha likawa jepesi pia.

Swali lililofuata lilikuwa la mahakama: mtu akiuawa kwa sumu ya mmea, utaionaje ndani ya mwili wake? Jibu lilitoka Ubelgiji. Mwaka 1850, mwanaume mmoja aliyeitwa Gustave Fougnies alikufa kwenye nyumba ya shemeji yake, bwana mkubwa Bocarmé. Mwanakemia Jean Stas alichukua viungo vya marehemu, akavisafisha kwa pombe na etha hatua kwa hatua, hadi akapata nikotini, sumu ya tumbaku. Bocarmé alikatwa kichwa mwaka 1851 katika mji wa Mons. Njia ile ya Stas ndiyo ilifungua mlango wa kutafuta morfini na dawa nyingine za mimea ndani ya mwili wa binadamu.

Mwaka 1896, Eduard Marquis, kwenye chuo kikuu cha mji unaoitwa leo Tartu, nchini Estonia, alichanganya formalini na asidi ya salfa. Tone la mchanganyiko huo likigusa morfini, linageuka zambarau. Mpaka leo polisi wa nchi nyingi wanautumia kutazama unga waliokamata. Lakini mkojo si unga. Ndani ya mkojo dawa ni kidogo mno, imechanganyika na vitu vingi, na kuitoa kulihitaji maabara, siku na mtaalamu. Nyumbani hakuna mtu aliyeweza.

Kwa nini kipimo kinasema kinyume

Mabadiliko makubwa yalitoka New York. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Rosalyn Yalow na mwenzake Solomon Berson walitengeneza njia mpya ya kupima insulini kwenye damu wakitumia askari wa mwili, vile vitu ambavyo damu hutengeneza kukamata adui. Yalow alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1977. Berson alikuwa amekwisha kufa. Mwaka 1970, Sydney Spector na Charles Parker wakatumia njia hiyo kwa morfini. Sasa tone dogo lilitosha.

Hapa ndipo jibu la yule mama linapolala. Kitu kinachotafutwa kwenye TDR ya malaria ni kikubwa. Askari wawili wanaweza kukishika kwa pamoja: mmoja amefungwa kwenye karatasi, mwingine amebeba rangi. Wakikutana juu ya kitu hicho, mstari unaonekana. Kwa hiyo mstari ni alama ya ugonjwa.

Morfini ni ndogo mno, askari wawili hawawezi kuishika pamoja. Ndiyo maana wataalamu walitumia ushindani. Fikiria basi lenye kiti kimoja. Askari mwenye rangi ndiye basi, na kiti chake kinakaa abiria mmoja tu. Kwenye karatasi wameweka abiria aliyefungwa, yaani dawa ile ile, anangoja kituoni. Kama mkojo hauna dawa, basi linafika likiwa tupu, abiria wa kituoni analishika, rangi inasimama pale, na mstari unatokea. Kama mkojo una dawa, abiria wa njiani amekwisha kukaa. Basi linapita kituo bila kusimama, na mstari hauonekani.

Kwa hiyo kwenye kipimo cha dawa za kulevya: mistari miwili maana yake dawa inayotafutwa haikuonekana kwa kiasi cha kutosha. Mstari mmoja peke yake, ule wa juu wenye herufi C, maana yake huenda dawa iko. Hata kama mstari wa pili umefifia, unahesabiwa kuwa mstari. Na kama ule wa C haukutokea, kipimo kimeharibika, kitupwe.

Askari wa Vietnam

Kipimo hiki kilitoka maabara kwa sababu ya vita. Mwaka 1971 Marekani ilikuwa bado inapigana Vietnam, na heroini huko ilikuwa safi na ya bei ya chini. Heroini ni mtoto wa morfini. Ikiingia mwilini inarudi kuwa morfini. Mwezi wa tano wa mwaka huo, wabunge wawili, Robert Steele na Morgan Murphy, walirudi kutoka safari yao na kutangaza kwamba askari 10 hadi 15 kwa kila 100 walikuwa wametekwa na heroini. Watu wakaingiwa na hofu: vijana hawa watarudi mitaani wakiwa hivyo?

Tarehe 17 Juni 1971 rais Richard Nixon alitangaza kwamba dawa za kulevya ni adui wa kwanza wa taifa, akamteua muganga Jerome Jaffe kusimamia kazi hiyo. Jaffe akaleta sheria moja nyepesi: hakuna askari kupanda ndege kurudi nyumbani kabla ya kupimwa mkojo. Atakayekutwa na dawa atabaki siku kadhaa akitunzwa, kisha apimwe tena. Kazi hiyo ikaitwa kwa mzaha Operesheni ya Mtiririko wa Dhahabu.

Jambo la muhimu zaidi lilifuata baadaye. Mtafiti Lee Robins, wa chuo kikuu cha Washington mjini St. Louis, aliwafuata askari waliorudi mwezi wa tisa 1971. Timu yake iliongea na watu karibu 900. Karibu nusu yao walikubali kwamba walijaribu afyuni au heroini kule Vietnam. Mmoja kati ya watano alisema alikuwa ametekwa kabisa. Lakini kati ya hao waliotekwa, ni kama 5 tu kwa kila 100 waliorudia hali hiyo ndani ya mwaka wa kwanza wa kuwa nyumbani, na 12 kwa kila 100 ndani ya miaka mitatu.

Watu wengi hawakutaka kumuamini. Wote walifikiri kwamba aliyetekwa ametekwa milele. Robins alionyesha kwamba mahali mtu anapoishi, hofu aliyonayo, marafiki alionao, na urahisi wa kupata dawa, vina uzito mkubwa. Yule askari aliyeondoka kwenye mahandaki akarudi kwa mama yake, kwenye kazi yake na kitanda chake, wengi wao waliacha.

Nimelisoma jambo hili nikifikiri juu ya vijana wetu. Askari wale walirudi nyumbani. Kijana wa chukudu aliyekimbia kijiji chake bado hajarudi. Anabeba mizigo mchana kutwa, mgongo unamuuma, usiku anasikia milio ya bunduki kichwani mwake. Kumuambia tu «acha» ni kumuambia atoke vitani na hali vita bado vinamzunguka.

Kutoka jeshini hadi kazini

Baada ya Vietnam, mashine ziliongezeka na bei ikashuka. Tarehe 26 Mei 1981, ndege ya jeshi ilianguka juu ya meli kubwa ya kivita Nimitz, watu 14 wakafa. Uchunguzi wa maiti ulikuta alama za bangi kwa baadhi ya wafanyakazi wa meli. Jeshi la maji likaanza kupima askari wake wote. Mwezi wa tisa 1986, rais Ronald Reagan akatia sahihi amri ya kupima wafanyakazi wa serikali, na makampuni yakafuata.

Hapo makosa yakaanza kuonekana, kwa sababu sasa mtu alikuwa anapoteza kazi. Mbegu za mpopi hunyunyizwa juu ya mikate na keki. Mtu akila mkate wa namna hiyo asubuhi, mkojo wake unaweza kuonyesha morfini. Mwaka 1998 serikali ya Marekani ilibidi ipandishe kiwango cha kuhesabu mtu kuwa ametumia, kutoka nanogramu 300 kwa mililita hadi 2000. Kiwango kilipandishwa kwa sababu ya mkate. Tangu mwanzo pia wataalamu waliweka sharti: kipimo cha kwanza cha haraka ni cha kushuku tu, na hukumu ingoje maabara yenye mashine kubwa.

Kipimo kinaingia nyumbani

Kipimo cha nyumbani kilianza na mimba. Mwaka 1967, Margaret Crane, mchoraji aliyeajiriwa na kampuni ya dawa, aliona mirija ya vipimo maabarani akajiuliza kwa nini mwanamke asijipimie mwenyewe. Wakubwa wake walimpinga. Mwaka 1988 kikaja kijiti cha Clearblue ambacho mtu anakichovya tu na kungoja mstari. Karatasi za malaria na za dawa za kulevya zimefuata njia ile ile.

Mwezi wa kwanza 1997, ofisi ya dawa ya Marekani iliruhusu pakiti ya wazazi kupima watoto wao nyumbani. Wakati ule mzazi alichukua mkojo tu, akautuma kwa posta, na maabara ikampa jibu kwenye simu. Baadaye karatasi za kusoma papo hapo zikajaa madukani. Waganga wa watoto wa Marekani hawakufurahi wote. Mwaka 2007 chama chao kilitoa onyo: mzazi anaweza kusoma vibaya, mtoto anaweza kudanganya kipimo, na zaidi ya yote uaminifu kati yao unaweza kuvunjika. Walipendelea mtoto aongozwe kwa mtaalamu aliyezoea kusikiliza vijana. Mama aliyetupigia simu angeweza kuwapa ushahidi.

Tramadol haijifichi, inatafutwa vibaya

Tunabaki na neno la pili la muuguzi. Tramadol haitoki kwenye mpopi. Ilitengenezwa maabarani na kampuni ya Grünenthal, ikaanza kuuzwa Ujerumani Magharibi mwaka 1977. Inatuliza maumivu kwa kugusa mahali pale pale morfini inapogusa, lakini umbo lake ni lingine. Basi lile la morfini halina kiti cha abiria huyu. Ndiyo sababu karatasi ya morfini, ambayo mara nyingi ina herufi MOP au OPI, haiioni. Fentanili na metadoni nazo zinapita bila kuonekana. Kuna karatasi ya tramadol peke yake, yenye herufi TRA au TML. Mtu asipouliza, anauziwa yoyote iliyopo.

Tramadol haikuwekwa chini ya ulinzi wa kimataifa kama morfini, na hiyo ni sababu moja iliyofanya isambae Afrika kwa wingi. Kuna kisa cha Kamerun. Mwaka 2013 watafiti walitangaza kwamba wamekuta tramadol ndani ya mizizi ya mti wa huko kaskazini. Dunia ikashangaa: kumbe asili yenyewe inatengeneza dawa hii! Mwaka uliofuata watafiti wengine wakaenda kutazama vizuri. Wakakuta tramadol kwenye udongo na kwenye maji pia. Wakulima wakawaeleza: tunaimeza ili tuweze kulima kwenye jua, na tunawapa ng'ombe ili wavute jembe bila kuchoka. Mkojo wa watu na wa ng'ombe ndio uliingia ardhini, na mti ukanywa. Mkojo ulisema ukweli ambao watu walikuwa hawajaulizwa.

Tusisahau lakini kwamba dawa hizi ni dawa. Mtu aliyepigwa risasi au kupasuliwa anazihitaji. Jirani zetu Uganda, tangu mwaka 1993, wanawapa wagonjwa wa kansa morfini ya maji ili wasife wakipiga kelele, na mwaka 2004 sheria iliruhusu wauguzi waliofundishwa kuiandika. Karatasi haiwezi kutofautisha mgonjwa huyo na mtu anayejilevya. Siro ya kikohozi yenye kodeini inaweza kufuta mstari. Hata rifampisini, dawa ya kifua kikuu, imeshapotosha baadhi ya vipimo vya maabara vya morfini. Fikiria mtoto anayetibiwa kifua kikuu anafukuzwa nyumbani kwa sababu hiyo!

Kabla ya kuchovya

Kwa wazazi wanaotaka kununua karatasi hii, muuguzi wetu anashauri maswali machache. Inatafuta dawa gani? Tarehe yake imepita? Mtoto amekunywa dawa gani nyingine juma hili? Dawa nyingi za namna hii zinaonekana kwa siku moja hadi tatu tu, halafu zinapotea. Jibu safi la leo halisemi kitu juu ya juma lililopita.

Na kuna hali ambazo hazingoji kipimo chochote. Ukimkuta mtu haamki, anapumua polepole au anakoroma kwa namna isiyo ya kawaida, au anatetemeka kama mwenye kifafa, mlaze kwa ubavu, usimuache peke yake, mkimbize kituo cha afya. Waambie waganga ukweli juu ya alichomeza. Na aliyezoea kumeza kila siku kwa muda mrefu asiachishwe ghafla nyumbani bila muganga.

Mama aliyetupigia simu alimfuata mtoto kwa mjomba mmoja, ng'ambo ya mji. Hakwenda na karatasi nyingine, ingawa muuguzi alikuwa amejitolea kumtafutia ile ya tramadol. Alimuomba msamaha kwa kipigo, kitu ambacho wazazi wetu wengi hawakijui. Mtoto alinyamaza muda mrefu. Halafu akasema mwenyewe: anameza viwili asubuhi, wakati mwingine vinne, tangu siku alipoteleza na mzigo wa makaa ukamuangukia mgongoni. Hakuwahi kusema kwamba mgongo unamuuma kwa sababu nyumbani hapakuwa na pesa ya hospitali.

Sasa wanakwenda pamoja kituo cha afya, na dozi inapunguzwa kidogo kidogo. Mgongo bado haujapona. Chukudu imeegeshwa kwa jirani, na mama ndiye anauza makaa kwa sasa. Ameniomba niwaambie wazazi wengine jambo moja, nami nalifikisha kama alivyolisema: «Mimi niliuliza mkojo kabla sijamuuliza mtoto.»